Picha ya Mlangoni

Kipatimu,
2 Julai 2023

Devota mjukuu wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila mguu wa kushoto hauna adabu. Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa hiyo usicheke mwandiko. Darasa la pili lilinitosha kumlea baba yako akawa mwalimu, litanitosha na kwa barua. Ningepiga simu, lakini simu iliyopo karibu ni ya Mwanasha hapa jirani, nayo inaongea kwa sauti kubwa. Mtu akikohoa Lindi, huku mtaa mzima unampa pole.

Modesti anakuja huko na pikapu ya machungwa. Nimempa kompyuta ya marehemu baba yako, ile ya kukunja. Nimeifunga kwa kanga na kuitia kwenye kiroba, na nimemwambia likikaa chungwa hata moja juu yake tutaonana wabaya. Kanga nirudishie.

Imeharibika. Ilikuwa haina neno. Ukibonyeza inawaka, inalia kidogo, inatoa picha yake na jina lake, Erasmo, na chini inauliza neno la siri. Hapo naizima. Nilikuwa naiwasha jioni, nikishakula, kwa ajili ya kuitunza tu, maana mashine isipowashwa hufa, hata pampu ya misheni ilikufa hivyohivyo. Usije ukafikiri vingine. Sasa juzi nimebonyeza, ikatoa rangi ya buluu tupu na maandishi ya Kizungu, ikazima, ikawaka yenyewe, buluu tena. Nimeipangusa, nimeianika, wapi.

Unakumbuka siku ya kugawa vitu tulikubaliana kompyuta ni ya Valentini wa baba yako mdogo Jerome, ila mimi niishike mpaka amalize shule. Amemaliza. Amepata chuo cha ualimu, mwezi wa tisa anaondoka. Kwa hiyo nataka mambo mawili. Iwake, na ndani isibaki kitu. Unaujua utaratibu wetu. Kitu cha marehemu hakitolewi na mabaki ndani. Sanduku linamwagwa, linaoshwa, linaanikwa, ndipo mtu anapewa. Hata mfuko wa shati unageuzwa nje. Utaratibu huo nimeusimamia mimi tangu kwa babu yako, na wote mlilia na wote mkatoa. Sitauvunja kwa ajili ya mashine.

Haya, mke mwenzangu, uliyesomea kupasua matumbo ya kompyuta, nione kama ada ilikwenda mahali pake.

Ni mimi bibi yako,
Rosalia


Rasbura, Lindi,
9 Julai 2023

Bibi Rosalia,

Milele amina, na shikamoo. Kompyuta imefika salama, inanuka machungwa. Kanga nimeifua, itarudi na Modesti.

Nimeifungua dukani. Vitu vya baba vyote vimo, havijaguswa. Kilichoharibika ni mfumo, yaani ule mtambo wa ndani unaoiamsha kompyuta na kuiambia ifanye nini. Bibi, nakuuliza bila ubaya: ulikuwa unaizima vipi? Kwa sababu inaonekana ilikuwa inazimwa kwa kushikilia kile kitufe mpaka ife, siku baada ya siku, kabla haijamaliza kuamka. Mashine hizi hazipendi. Ndiyo iliyoua mfumo.

Dawa yake ni kuweka mfumo upya. Mafundi tunaita kupiga Windows. Ila kuna njia zaidi ya moja, na siwezi kukuchagulia.

Njia ya kwanza ni kuuambia mfumo ujitengeneze wenyewe, vitu vya baba vikae palepale vilipo. Hiyo inataka neno lake la siri. Bila neno, haikubali.

Njia ya pili ni kuchukua flashi yenye mfumo mpya, kufuta kila kilichomo, na kuanza kama siku ilipotoka dukani. Ni ya haraka na ni safi. Kikifutwa hakirudi.

Njia ya tatu ni kutumia flashi hiyohiyo lakini bila kufuta. Mfumo mpya unaingia, na vitu vya zamani unavikusanya vyote kwenye folda moja pembeni. Anayetaka anavichukua baadaye.

Bosi wangu Majid anasema ninajisumbua. "Piga, futa, rudisha, chukua nyingine." Nimemwambia hii ni ya nyumbani, asubiri.

Mfuko wa shati naukumbuka, Bibi. Nakumbuka na shati lenyewe, lile la mistari, lililochakaa bega la kulia kwa mkanda wa begi lake. Ulilitoa kwenye mkoba wangu mbele ya watu ukampa baba mdogo. Sisemi kitu. Nimekumbuka tu, kwa kuwa umelitaja.

Nijibu unataka njia ipi. Na kama neno lake la siri unalijua, niandikie.

Mjukuu wako,
Devota


Kipatimu,
16 Julai 2023

Devota,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikakasirika, nikaiweka chini ya sufuria, nikaisoma tena.

Kwanza unasema nimeiua mimi. Mimi jenereta la misheni nimelizima miaka na miaka wakati wa masista, kwa mkono huuhuu, wala halikufa. Kitu kinachokufa kwa kubonyezwa na bibi kizee kilitengenezwa na mvivu. Na ulitaka nikizime vipi, nikiimbie? Ikishatoa ile picha inaganda hapo inasubiri neno, sina neno, betri ya sola ni ndogo. Nabonyeza inakwenda. Nani aliniambia kuna namna nyingine? Mlileta mashine na jeneza, mkaiweka kabatini, mkapanda gari mkaondoka.

Neno la siri silijui. Mtu mzima haulizwi na mama yake neno la siri.

Pili, shati. Shati uliliiba. Ulilikunja ukalitia mkobani bila kuniomba. Ningekuachia wewe shati, Anjelina shangazi yako angetaka redio, Jerome angetaka viatu, na watu wangeshikana mashati kaburi bado bichi. Nimeyaona kwa wengine. Nyumba yangu haikufanya hivyo. Basi, hayo yameisha, usiniletee tena.

Tatu, hizo njia zako. Nimekaa nikazifikiri, nikaona ni mambo ya nyumba. Ya kwanza ni kukandika ukuta na wenye nyumba wamo ndani, sawa, lakini umesema mlango umefungwa na mwenye ufunguo kazikwa. Ya tatu ni kuhamia nyumba mpya na vitu vya marehemu kuvifungia stoo. Huo ni ujanja. Siku Valentini akifungua stoo akakuta karatasi za baba yake mkubwa, mishahara yake, dawa zake, barua zake, utamwambia asisome? Hapana. Ya pili ndiyo ya watu wenye adabu. Bomoa, fagia, jenga upya.

Sasa nakuuliza jambo moja, nauliza tu. Ile picha inayotokea pale mwanzo, kabla ya neno la siri. Ile imo ndani au iko mlangoni kwa nje? Maana mimi sikuwahi kuingia ndani, na picha naiona, kwa hiyo nadhani ni ya mlangoni. Nyumba ikifagiliwa, mlango haung'olewi. Kama ni ya mlangoni, Valentini haitamsumbua, ataizoea.

Kupiga piga kompyuta ya watu nako ni tabia gani. Imewakosea nini?

Rosalia


Lindi,
21 Julai 2023

Bibi,

Shikamoo. Sitarudia habari ya shati.

Picha si ya mlangoni. Inaonekana mlangoni, lakini imehifadhiwa ndani pamoja na vingine vyote. Nikifuta, nayo inakwenda, na jina lake pia. Mlangoni patakuwa na jina la Valentini.

Picha ile niliipiga mimi. Alikuja Rasbura kunitembelea akanikuta nimeunguza wali, nikamwambia ni wa kukaanga. Anacheka wali wangu. Sijui kama alikusimulia.

Nimejaribu neno la siri ili tupate ile njia ya kwanza. Unaweza kuitoa diski ukaijaribu pembeni, ipo namna. Nimejaribu jina langu. Silo. Nimejaribu jina la mama, la shule yake ya Rondo, na la Kipatimu. Nimejaribu na lako, Rosalia, kwa herufi kubwa na ndogo. Nalo silo. Nimeacha, kwa sababu kila jina lililokataa lilikuwa linaniumiza.

Kwa hiyo zimebaki mbili, ya kufuta na ya kutofuta. Sitaki kufanya kwa kubahatisha halafu lawama iwe yangu. Niandikie neno moja, futa, au usifute. Nitafanya utakavyosema.

Devota


Kipatimu,
30 Julai 2023

Devota,

Futa.

Modesti ananisubiri barabarani, anapiga honi kama kaibiwa, kwa hiyo sina maneno mengi. Jerome alikuja jana. Kauliza, "Mama, ile kompyuta mbona imekaa Lindi? Au umeamua kubaki nayo?" Alisema kwa kucheka, lakini alisema. Mimi niliyemvua mjane wa mtu kanga ya mumewe ikagawiwa, leo niambiwe nimebaki na kitu. Haitakuwa.

Kumbe ni wali. Mimi nilidhani anamcheka mpiga picha.

Futa, usiniulize tena.

Rosalia


Lindi,
8 Agosti 2023

Bibi,

Shikamoo. Nimefanya ulivyoagiza. Kompyuta inawaka, ni safi, ndani hamna kitu. Nimeijaribu jana na leo, haina tatizo. Nampa Modesti pamoja na kanga yako na sabuni ya mche.

Kwenye misa ya mwaka ya baba sitafika. Majid hana mtu mwingine dukani, na mwezi huu shule zinaleta mashine zao. Niombee na mimi.

Devota


Kipatimu,
3 Septemba 2023

Mjukuu wangu Devota,

Misa ya mwaka tumeifanya. Padre alisema vizuri, ingawa alimwita Erasimi, nikamkoholea akasahihisha. Watu walikula. Anjelina alipika, chumvi aliiacha nyumbani kwake. Hukuja. Wamekuuliza, nimesema una kazi, na nimewaambia kwa sauti ya kujivunia, lakini nafasi yako kwenye mkeka niliiona.

Kompyuta nimempa Valentini mbele ya wote, imefungwa kwa kitambaa, kama inavyotakiwa. Akaifungua hapohapo, vijana hawana subira. Ikatoa picha ya mlima. Mlima mkubwa una theluji juu na ziwa chini. Nikamuuliza, mlima wa wapi huo? Akasema, "Sijui Bibi, umekuja nao." Sasa mimi nakuuliza wewe fundi, katika milima yote ya Matumbi iliyotuzunguka hapa, mmeukosa hata mmoja mpaka mtuwekee mlima wa watu? Nani aliutaka? Jerome akasema umependeza. Jerome hata ukimwekea picha ya choo atasema imependeza.

Ameondoka nayo Ijumaa. Ni kijana mzuri, ataitunza. Kalala hapa siku moja kabla ya safari, akanichotea maji, akanitengenezea na mlango wa kuku. Ilikuwa vizuri kusikia mtu mwingine akipiga miayo ndani.

Nyumba imekuwa nyeupe. Kabati nimelifuta, nimetandika gazeti jipya pale ilipokuwa inakaa. Mwanasha anasema niweke vikombe. Nimeweka vikombe, nimevitoa.

Betri ya sola sasa inajaa. Zamani ikifika jioni nilikuwa naibania, naizima taa nile gizani ili ibaki ya kutosha. Sasa imejaa mpaka ile taa yake ndogo ya kijani haizimiki, haina wa kuila. Nawasha taa mbili. Nyumba yenye taa mbili na mtu mmoja inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mwanasha kapita akauliza kama nina mgeni.

Nikishakula mkono unakwenda wenyewe kabatini. Mkono ni mpumbavu, haujui kusoma wala kuandika. Naurudisha.

Nilikuwa simwambii maneno mengi. Nilikuwa namwambia kuku wametaga au hawajataga, mvua imenyesha au imepita kando, mguu wangu unasemaje. Halafu nabonyeza. Ulisema kubonyeza ndiko kulikoiua. Nimelifikiri hilo sana, Devota. Kila nilipomtazama nilikuwa naiua. Ungekuwa huku ungeniambia mapema, lakini hukuwa huku, na mimi sikukuita, kwa hiyo sikulaumu.

Nauliza tu. Siku ile unafuta, kabla haijakwenda, ilitokea ile picha hata mara moja? Au ilikwenda gizani bila kutokea?

Usinijibu kama kazi ni nyingi. Nimeuliza tu.

Bibi yako,
Rosalia


Rasbura, Lindi,
12 Septemba 2023

Bibi yangu,

Shikamoo, na unikalie vizuri kabla hujaendelea, usisome umesimama.

Haikwenda gizani. Haikwenda popote. Nimekudanganya.

Kompyuta aliyopewa Valentini ni tupu kweli, hapo sikusema uongo, nimeifuta yote, nikaifuta tena. Lakini kabla ya kuifuta nilipita njia ya tatu, ile uliyoiita ujanja. Niliweka mfumo mpya bila kufuta, vitu vya baba vikakusanyika kwenye ile folda, nikavihamishia vyote kwenye diski yangu. Mitihani yake ya kidato cha pili na majibu yake, na picha za mahafali ya Rondo. Kuna na sauti yake, anajirekodi akifundisha, anakatiza katikati anamwambia mtu afunge dirisha. Ndipo nikafuta. Uliandika futa, nikafuta, lakini nilikuwa nimekwishaiba. Safari hii tena sikukuomba.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungeitoa diski mkobani mbele ya watu, kama lile shati.

Jioni nikifunga duka narudi chumbani, nafungua diski. Sisomi kitu, natazama picha moja moja. Mwenye nyumba wangu anadhani nina mchumba ninayemwandikia. Bibi, nilipoisoma habari ya betri yako kujaa, nilikaa kitandani na barua mpaka chai ikapoa. Kumbe wewe Kipatimu na mimi Rasbura tumekuwa tukifanya kitu kilekile, kila mtu akimficha mwenzake.

Sasa sikiliza. Ndani ya kiroba cha Modesti kuna kompyuta. Usikasirike kabla sijamaliza. Ni ya zamani, kioo kimepasuka pembeni, mwenyewe aliitelekeza dukani na Majid akanipa nichukue vipuri. Sikuchukua vipuri, nimeifufua. Ni yangu. Marehemu hajaigusa, hajaijua, haikuwemo siku ya kugawa. Kwa hiyo utaratibu wako haunihusu, na Jerome akiuliza mwambie ni ya Devota.

Nimeipiga Windows kwa njia ya pili, safi kabisa, halafu mlangoni nimeweka picha ile na jina Erasmo. Inalia kama ile nyingine. Inauliza neno la siri, nimeliacha swali hilo kwa makusudi kwa sababu ndivyo ulivyomzoea. Neno nimelichagua mimi. Ukilitaka nitakuandikia, uingie ndani, nimekuwekea na ile sauti.

Kuzima usishike kitufe. Chini kulia kuna alama ndogo ya duara lenye mstari. Peleka ule mshale pale kwa kidole, gusa, itatoa maneno, gusa lile linalosema kuzima, nimekubandikia karatasi ndogo yenye umbo lake pembeni ya kioo, ulifananishe. Isubiri imalize yenyewe. Ikizimwa hivyo haitakufa.

Nisamehe, au nikaripie, vyovyote. Ila usiirudishe.

Devota


Kipatimu,
1 Oktoba 2023

Mke mwenzangu,

Nimekaa kama ulivyosema. Halafu nimesimama, nimezunguka nyumba, nimekutukana peke yangu nyuma ya banda la kuku, nikarudi nikakaa tena.

Wewe ni mwizi na ni mwongo, na una kichwa kigumu, na hakuna wa kumuuliza umekitoa kwa nani, kwa sababu aliyenizaa mimi alikuwa na hichohicho. Kompyuta yako nimeipokea. Sikuipokea kama kitu cha marehemu. Nimeipokea kama mzigo wa mjukuu asiye na nafasi chumbani kwake, nimtunzie. Jerome alikuja akaiona, akafungua mdomo. Nikamwambia, "Ni ya Devota, kioo chake kimepasuka, huoni?" Akaufunga.

Vikombe nimevirudisha jikoni.

Kile kialama nimekipata siku ya kwanza, ingawa huo mshale wako unakimbia kama mjusi. Nagusa taratibu, inaandika maneno yake, inazunguka, inafikiri, ndipo inalala. Ile ya kwanza nilikuwa naikata katikati kama mtu anayemfungia mgeni mlango bado anaongea. Hii inaniaga. Namaliza na mimi ninachosema, hatukimbizani. Betri inapungua inavyotakiwa.

Neno la siri usiniandikie. Sauti ya kumwambia mtu afunge dirisha ikae huko ndani. Nikiisikia nitainuka kulifunga, na dirisha langu halina hata pazia. Mimi pale mlangoni pananitosha. Sasa najua anacheka nini, na wali nauona kabisa, mweusi chini. Siku ukija nitakufundisha kupika, ni aibu mtu wa umri wako. Njoo Krismasi. Mwambie huyo Majid mashine za shule hazili pilau.

Modesti ana kifurushi chako, kimefungwa kwa ile kanga. Safari hii kanga usirudishe.

Kilichomo nilikifuata kwa Jerome shambani kwake, mguu ukilalamika njia nzima. Alikuwa amekivaa, analimia. Nikamwambia avue. Akasema, "Mama, ulinipa mwenyewe." Nikasema, nilikupa, sasa nakuomba, na kuku jogoo yule mwekundu ni wako. Akavua. Nimelifua mara mbili kwa ile sabuni yako ya mche, jasho la Jerome limetoka. Kifungo cha chini kimepotea, nimeshona kingine, rangi haifanani.

Mtu asikwambie umebaki na kitu cha marehemu. Jerome kalivaa mwaka mzima. Ni shati la Jerome, limechakaa bega la kulia.

Bibi yako,
Rosalia